Jumamosi na kocha Buck: Makumbusho ya Ligi za Weusi, Kansas City

Huu ni mwaka wangu wa saba Kansas City, na karibu kila siku ya kazi napita mtaa wa 18 na Vine. Lile jengo la Negro Leagues Baseball Museum, makumbusho ya ligi za besiboli ambazo Weusi walichezea peke yao enzi za ubaguzi, nilikuwa naliona, sikuwahi kuingia. Mimi ni mtu wa kandanda. Nilicheza beki wa kati kule Kigoma miaka kumi na mmoja, na minne ya mwisho nilikuwa kocha mchezaji: asubuhi napanga kikosi, jioni nafunga viatu naingia nacho uwanjani. Besiboli niliiona ni watu waliosimama mbalimbali wakisubiri kitu ambacho mimi sikioni.

Aliyenipeleka ni mwanangu wa pili. Ana miaka kumi na mmoja, na kwenye timu ya watoto ya besiboli ya mtaa wetu analinda kituo cha kwanza, pale mpigaji anapokimbilia kwanza akishaupiga mpira. Jioni moja alirudi na vumbi hadi masikioni akaniuliza, "Baba, unamjua Buck O'Neil?" Nikamwambia simjui. Akaweka begi chini, akanieleza mpaka chakula kikapoa. Jumamosi iliyofuata tukaenda, mimi, yeye na glavu yake, ambayo alikataa kuiacha garini.

Ukishapita mlangoni unauona uwanja mara moja, ila huingii. Kati yako na uwanja kuna waya, ule ule tunaozungushia banda la kuku. Ng'ambo ya waya wamesimama wachezaji wa shaba, wakubwa kama watu wa kweli, kila mmoja mahali pake. Waya huo una maana yake: kwenye viwanja kadhaa vya enzi zile za ubaguzi, watazamaji Weusi walitengwa nyuma ya waya wa namna hiyo. Kwa hiyo mgeni unaonjeshwa kidogo. Unauona mchezo, mchezo hauufikii, mpaka umezunguka makumbusho yote na kusoma watu hawa walipitia nini.

Na hapo kwenye waya yupo Buck O'Neil, naye wa shaba, anautazama uwanja. Hapa hawakumweka kama mchezaji, wamemweka kama kocha. Nilisimama mbele yake muda mrefu, mwanangu akawa ananivuta shati.

Huyu mzee alizaliwa Florida mwaka 1911. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya mboga kule Sarasota, na shule ya sekondari ya pale hakuruhusiwa kusoma kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1938 alijiunga na Kansas City Monarchs, timu ya Weusi ya hapa mjini, akalinda kituo cha kwanza, nafasi ile ile ya mwanangu. Vita ikamchukua akatumikia jeshi la wanamaji, akarudi, na mwaka 1948 akakabidhiwa timu akiwa bado anacheza. Kocha mchezaji! Niliposoma hapo nikamwita mtoto aje asome na yeye, nikamwambia, "Unaona? Kazi yangu hii."

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni ya safari. Timu ilikuwa barabarani miezi kwa miezi ndani ya basi, leo mji huu, kesho ule, wakati mwingine mechi mbili au tatu kwa siku. Wanajaza watu uwanjani, kisha mkahawa wa mji huo huo haukubali kuwauzia chakula, na hoteli haina kitanda kwa ajili yao. Basi wanakula na kulala humo humo garini. Mimi nimelala juu ya madawati ya shule ya msingi Kasulu na wachezaji kumi na wanane, tumekula wali maharage wa kuchangishana kwa sababu kiongozi mmoja alikuwa "ametangulia" na nauli yetu. Najua asubuhi yake mgongo unavyokuwa na jinsi unavyolazimika kusimama mbele ya vijana ukawaambia leo tunashinda. Lakini sisi hakuna mama ntilie aliyetufukuza kwa sababu ya ngozi. Hilo ni zito la aina nyingine, na makumbusho haya yanalieleza bila kupaza sauti.

Halafu kuna ubunifu wao. Mmiliki wa Monarchs, J. L. Wilkinson, mwaka 1930 alikuwa na taa zake za kubeba kwenye malori pamoja na jenereta, wanazisimamisha uwanjani usiku unageuka mchana. Ligi kuu ya Wazungu ilicheza mechi yake ya kwanza ya usiku mwaka 1935, pale Cincinnati. Na ligi yenyewe ya Weusi ilianzishwa hapa hapa mtaani mwaka 1920. Rube Foster, mwenye timu moja ya Chicago, aliwakutanisha wenye timu wenzake kwenye jengo la matofali la YMCA, barabara ya Paseo. Ni mwendo mfupi kwa miguu, nawashauri mkitoka makumbusho mpite pale.

Ukweli ni kwamba ya kusoma ni mengi. Usiende ukiwa na nusu saa. Sisi tulikaa saa tatu kasoro na mwanangu ndiye aliyekuwa anazidi kusema twende hapa, Baba, twende na pale. Kuna filamu fupi, itazameni kwanza kabla ya kuzunguka. Watu wa mapokezi ni waungwana. Mzee mmoja mhudumu aliona glavu, akamuuliza mwanangu anacheza nafasi gani, na aliposikia kituo cha kwanza akampa mkono kama anavyompa mtu mzima mwenzake. Jengo hilo hilo lina makumbusho ya jazi pia, sisi tuliyaacha kwa siku nyingine.

Narudi kwa Buck, maana ndiye sababu ya kuandika haya yote. Alipokuwa kocha wa Monarchs alilea vijana akijua fika kwamba wakiiva watachukuliwa. Jackie Robinson alikuwa amecheza Monarchs mwaka 1945 kabla hajaenda kuvunja ukuta wa rangi wa ligi kuu kule Brooklyn mwaka 1947, na tangu hapo timu kubwa zikawa zinachuma tu kwenye shamba la Weusi. Elston Howard alipita mikononi mwa Buck kabla ya kwenda New York Yankees. Ernie Banks naye, mwaka 1953, alitoka kwake kwenda Chicago Cubs. Kila aliyepanda, ligi yake mwenyewe ilizidi kupungukiwa, na bado aliwasukuma waende. Mimi niliwahi kuchukuliwa winga na timu moja ya Dar bila hata barua, nikanuna msimu mzima, kijana akinipigia simu sipokei. Pale mbele ya picha za Banks nilimkumbuka yule kijana kwa jina lake.

Baadaye Cubs walimwajiri Buck mwenyewe, na mwaka 1962 akawa kocha msaidizi wa kwanza Mweusi katika ligi kuu. Timu ya ligi kuu ya kuifundisha mwenyewe hakupewa hata siku moja. Kocha mkuu Mweusi wa kwanza, Frank Robinson pale Cleveland, alikuja mwaka 1975.

Mwaka 2006, Buck akiwa na miaka 94, kamati maalumu iliwapigia kura watu wa ligi za Weusi waingie kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli kule Cooperstown. Waliingia 17, wote marehemu. Buck, aliyekuwa hai, kura hazikumtosha. Kilichofuata ndicho mwanangu alichonihadithia ile siku chakula kilipopoa: mzee alikwenda Cooperstown akasimama jukwaani kuwasemea wale 17, akawaomba watu washikane mikono waimbe naye. Miezi isiyotimia mitatu baadaye akafariki. Jina lake liliingia mwaka 2022. Hili linaniuma, siwezi kuandika vinginevyo. Heshima ya mtu mpe akiwa anaweza kuisikia. Ila nyumba hii, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioianzisha mwaka 1990, ilimpa nafasi yake akiwa hai, na wenyeji wanasema alikuwa akishinda humo akizungumza na wageni.

Mwisho wa mzunguko ndipo unaingia uwanjani. Waya umeuacha nyuma. Satchel Paige yupo kwenye kilima cha kurushia, Josh Gibson amechuchumaa kudaka, na anayesubiri kupiga na rungu lake ni Martín Dihigo wa Kuba. Tangu takwimu za ligi hizi zilipounganishwa na za ligi kuu mwaka 2024, Gibson ndiye mwenye wastani mkubwa wa kupiga kuliko wapigaji wote, mipigo 372 hivi katika kila nafasi elfu. Mwanangu hakuhangaika na hao. Alikwenda moja kwa moja kituo cha kwanza, kwa Buck Leonard, Buck mwingine huyu, akavaa glavu, akasimama pembeni yake. "Angalia, Baba. Mguu mmoja unabaki unagusa kituo, huu mwingine unaufuata mpira. Ukinyanyua mguu mapema, jamaa anayekimbia yuko salama." Akanivuta nami nijaribu. Nikanyoosha mkono, mguu nimeukaza sakafuni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa anachofanya kila Jumanne jioni.

Dukani nilimnunulia kofia ya Monarchs, na mimi nikajinunulia yangu. Kwa wazazi wenzangu wa Kiswahili hapa mjini: pelekeni watoto, na wenye watoto wanaocheza wawaache watoto ndio wawe waongozaji. Nyota tano, natoa zote.

Jumanne alikuwa na mechi. Zamani nilikuwa nakaa garini na simu yangu. Safari hii nilisimama nyuma ya wavu, vidole kwenye waya, na mpira uliporushwa kituo cha kwanza nikajikuta napiga kelele kwa Kiswahili, "Mguu! Mguu usinyanyuke!" Wazungu wakageuka. Mtoto hakugeuka. Mguu haukunyanyuka.