Chanjo ya ndigana kali: kinga safi, kifungashio cha wenye makundi

Chanjo hii ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, hutengenezwa Lilongwe, Malawi, kwa mchanganyiko uliobuniwa Muguga, Kenya. Ndani yake mna vimelea hai vya aina tatu, Muguga, Kiambu 5 na Serengeti, vilivyotolewa kwenye kupe waliosagwa. Ng'ombe huambukizwa kwa makusudi, na hapo hapo huchomwa oksitetrasaikilini, antibayotiki inayokaa mwilini muda mrefu, ili ugonjwa usimzidi nguvu. Akishapita hapo, kinga hudumu miaka, mara nyingi maisha yake yote maadamu kupe wanaendelea kumuuma. Kwa ndama chotara, ambaye ndigana humuua ndani ya wiki chache, hakuna kinga nyingine inayoikaribia. Upande huo tunaipa alama zote.

Lawama yetu ni kwa mrija, yaani kifungashio chembamba chenye chanjo. Mmoja una dozi zipatazo 40 na hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukishayeyushwa na kuzimuliwa huwekwa kwenye barafu na sharti uishe ndani ya saa chache. Kuurudisha kwenye mtungi wa naitrojeni haiwezekani. Kwa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania, ambako chanjo ilipokelewa vizuri mno, ndama 40 hupatikana boma moja. Nenda wilaya za Rungwe au Hai, kwa mtu mwenye ng'ombe wawili wa kufungia bandani: ndama 40 maana yake ni kaya thelathini na zaidi, tena zilizozalisha kwa miezi tofauti. Mchanjaji husubiri idadi itimie, na ndama wengine hufa wakiwa kwenye orodha. Mfugaji wa maziwa angeulizwa mapema, jambo la kwanza angetaka ni mrija wa dozi tano au kumi.

Kitu kimoja kimelenga haja ya mfugaji barabara: hereni anayovishwa ndama aliyechanjwa. Kitaalamu ni alama ya kumbukumbu tu, lakini mnadani ndama mwenye hereni hupata bei nzuri zaidi, kwa sababu mnunuzi anaona ushahidi kwa macho.

Sasa kazi yenyewe. Ndama awe na umri wa mwezi mmoja au zaidi, asiwe na homa wala tezi zilizovimba. Ng'ombe mwenye mimba kubwa aachwe. Ndama apimwe kifua kwa utepe wa uzito. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoharibu kazi mara nyingi: ndama wa kilo 90 akihesabiwa 60, oksitetrasaikilini haitoshi na chanjo inageuka ugonjwa. Oksitetrasaikilini ya asilimia 30 ni mililita 1 kwa kila kilo 10, ndani ya msuli; ikizidi mililita 10 igawanywe sehemu mbili. Chanjo ni mililita 1, chini ya ngozi, karibu na tezi iliyo chini ya sikio. Ng'ombe anayekamuliwa, maziwa yake yamwagwe kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa ya oksitetrasaikilini. Hilo wachanjaji wengi hawalitaji, na anayekamua ndiye anayehitaji kulisikia, si mwenye jina kwenye risiti.

Kuanzia wiki ya pili hadi ya nne apimwe joto. Likipita nyuzi 39.5 huku tezi zikivimba, aitwe daktari wa mifugo ampe buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana, mililita 1 kwa kilo 20 kwa ile ya asilimia 5. Na kuogesha kwa dawa ya kupe kusiachwe: chanjo haizuii ndigana baridi wala ugonjwa wa mkojo mwekundu, ambao nao huletwa na kupe.

Hadi mrija upunguzwe, njia inayofanya kazi ni kituo cha kukusanyia maziwa kuandika kila ndama anapozaliwa, kisha wafugaji wenyewe wapange siku. Alfajiri baada ya kupeleka maziwa inafaa. Kabla ya kulipa, uliza kama bei ni pamoja na oksitetrasaikilini, hereni na ziara ya pili ya kupima joto. Ziara hiyo ikiwa haimo, tafuta mchanjaji mwingine.