Kurasa zisizoonekana zilikuwa zinanilia betri: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Nina sekretariati ndogo kwenye njia ya kwenda Kasapa, hapa Lubumbashi. Kazi zetu ni zile mnazozijua: kupiga TFC (kazi ya kumaliza masomo) za wanafunzi, kuskani, kutoa fotokopi, kumfungulia mtu barua pepe yake achukue faili aliyotumiwa kutoka Kolwezi au Likasi. Mashini ni tatu, laptopu mbili za mtumba na kompyuta moja ya mezani ya zamani. Umeme ukikatika, ile ya mezani inazimika palepale, na kazi yote inabaki juu ya betri mbili za laptopu mpaka niamue kama inafaa kuwasha jenereta. Petroli ya saa moja inameza faida ya kurasa nyingi. Ndiyo maana mimi nahesabu dakika za betri kama ninavyohesabu faranga kwenye droo.

Mwanzoni mwa mvua nilinunua betri mpya ya laptopu kubwa. Muuzaji aliniahidi saa mbili. Nilipata saa moja na dakika kumi, na feni ilikuwa ikivuma tangu mwanzo hadi mwisho. Nilianza kuamini kwamba nimeuziwa betri bandia. Mdogo wangu, tunayefanya kazi pamoja, ndiye aliyenizuia nisirudi sokoni kugombana.

"Yaya, sikiliza," aliniambia. "Hii mashini inalia hata wakati hupigi kitu. Kuna kitu ndani kinaifanyisha kazi."

Alikuwa na haki. Siku hiyo mbele yangu kulikuwa na Word tu, sura ya pili ya TFC ya mwanafunzi mmoja wa agronomia. Chrome, kivinjari chetu cha intaneti, ilikuwa wazi nyuma yake. Nilirudi kwenye Chrome, nikabonyeza Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka orodha inayoonyesha kila ukurasa na kiasi cha prosesa, yaani ubongo wa mashini, unachotumia. Juu kabisa kulikuwa na ukurasa wa matokeo ya mpira ambao mteja aliufungua asubuhi, akaangalia, akaondoka zake. Wa pili ulikuwa ukurasa wa habari uliojaa matangazo. Wa tatu sikukumbuka hata nani aliufungua. Hakuna mtu aliyekuwa anazitazama kurasa hizo kwa saa tatu au nne, na zote zilikuwa zinafanya kazi kama vile mtu amekaa mbele yake.

Nilitaka kuelewa kabla ya kubofya ovyo. Ukurasa wa intaneti wa siku hizi ni programu, na programu hiyo hujiwekea vipima muda: baada ya nusu sekunde geuza picha ya tangazo, baada ya sekunde mbili uliza kama goli limeingia, kila sekunde punguza namba kwenye saa ya kuhesabu kurudi nyuma. Kazi yenyewe ni ndogo. Kinachokula betri ni kule kuamshwa. Chukua mfano wa sentineli anayelinda parseli, yaani kiwanja cha mtu, usiku. Usipomgongea, anasinzia na kupumzika vizuri. Lakini mtu akimgongea geti kila sekunde kumuuliza "kuna mgeni?", hata kama jibu ni hapana, sentineli huyo hatalala, na asubuhi atakuwa hoi. Prosesa nayo ina usingizi mzito unaookoa umeme, na haiufikii ikiwa kurasa ishirini zinaigongea mlango mfululizo.

Watengenezaji wa vivinjari wanalijua jambo hili zamani. Tangu 2011, Chrome na Firefox zilikuwa zimeshaweka sheria kwamba kipima muda cha kichupo (ukurasa mmojawapo ndani ya dirisha la kivinjari) kilichofichwa kisilie zaidi ya mara moja kwa sekunde. Mwaka 2017 Chrome 57 ikaongeza bajeti: ukurasa uliofichwa ukizidisha matumizi, vipima muda vyake vinazuiwa hadi wastani wa asilimia 1 ya kiini kimoja cha prosesa. Wakati ule Google walieleza kwamba vichupo vya nyuma ndivyo vinavyokula theluthi moja ya umeme wote unaotumiwa na Chrome kwenye kompyuta. Theluthi! Niliposoma hapo nilifikiria lita zote za petroli nilizochoma.

Sasa swali langu lilikuwa: kama sheria hizo zipo, kwa nini kwangu feni inavuma? Jibu lilikuwa mikononi mwangu mwenyewe. Mwaka 2020 nilizuia Chrome isijisasishe, kwa sababu kila toleo jipya lilikuwa linakuja na kunimalizia mega za intaneti nilizonunua kwa ajili ya wateja. Nilibaki na toleo la 80 miaka yote hiyo. Na toleo hilo, kwenye Windows, halikujua jambo moja muhimu sana kwa sekretariati: halikujua kwamba dirisha limefunikwa. Sisi hapa kila mteja tunamfungulia dirisha lake jipya ili asichanganye mambo yake na ya mwingine. Akimaliza, Word inawekwa juu. Kwa macho yetu dirisha limejificha, lakini kwa Chrome ya zamani dirisha lisilopunguzwa hadi chini ya skrini ni dirisha linaloonekana, hata kama Word imelifunika lote. Basi zile sheria za mwaka 2011 na 2017 hazikuligusa. Kurasa zile zilikuwa zinakimbia kwa mwendo kamili.

Chrome 87, iliyotoka Novemba 2020, ilianza kutambua madirisha yaliyofunikwa kwenye Windows. Kisha Januari 2021 toleo la 88 likaleta sheria kali zaidi, ile ninayoipenda: ukurasa ukifichwa dakika 5, na ukawa hautoi sauti, vipima muda vyake vinavyojirudiarudia vinaruhusiwa kuamka mara moja tu kwa dakika. Kutoka mara moja kwa sekunde hadi mara moja kwa dakika. Ukurasa ulio kwenye mazungumzo ya video hauguswi, na hiyo ni sawa, kwa sababu nimewahi kuwa na mwanafunzi anayefanya mahojiano ya kazi kwa video huku mwenzake anasubiri fotokopi.

Nilinunua mega, nikasasisha laptopu zote mbili usiku mmoja. Ya mezani ina Windows 7, na toleo la mwisho la Chrome linaloikubali ni la 109. Nililiweka. Sheria ya dakika ipo ndani yake. Lakini toleo hilo halipati tena marekebisho ya usalama, kwa hiyo kwenye mashini hiyo hakuna mtu ninayemruhusu kuingia kwenye akaunti ya pesa wala barua pepe. Ni ya kupigia na kuskani tu.

Matokeo? Google walitangaza kwamba mabadiliko ya toleo la 87 yanaweza kupunguza kazi ya prosesa hadi mara 5 na kuongeza betri hadi saa 1 na robo, kwa vipimo vyao wenyewe. Mimi sikupata hivyo. Laptopu yangu kubwa imetoka saa moja na dakika kumi ikafika karibu saa moja na dakika arobaini, kwa kazi ileile ya Word na madirisha yaleyale ya wateja. Nusu saa. Kwa mtu mwenye umeme wa uhakika nusu saa inaweza kuonekana ndogo. Kwangu ni sura nzima ya TFC iliyopigwa bila kuwasha jenereta, na katika wiki mbili za mwisho kabla ya utetezi, wanafunzi wanapopanga foleni hadi nje, nusu hiyo ya saa nimeiona mara nyingi. Feni imenyamaza pia. Mama mmoja anayeuza mandazi mlangoni aliniuliza kama nimebadilisha mashini.

Baada ya hapo niliingia kwenye Paramètres (mipangilio) ya Chrome, sehemu ya Performances, nikawasha Économiseur d'énergie, yaani kiokoa umeme, na kuchagua ifanye kazi mara laptopu inapochomolewa, nisingoje betri ifike asilimia 20. Inapunguza zaidi shughuli za nyuma na baadhi ya mapambo ya kurasa. Sijaona ubaya wake.

Économiseur de mémoire, yaani kiokoa kumbukumbu, hapana. Watu wengi wanachanganya vitu hivi viwili, na ninaomba mtu wa huku asivichanganye. Kutuliza vipima muda kunauacha ukurasa pale ulipo, mzima, umesinzia tu. Ukirudi uko vilevile. Kile kiokoa kumbukumbu kinautoa ukurasa kwenye RAM, na ukirudi unapakuliwa upya kutoka intaneti. Kwa mtu anayelipia intaneti kwa mwezi, hakuna shida. Kwa sisi tunaonunua mega, kila kurudi ni pesa, na mtandao ukiwa umelala mchana wa mvua, ukurasa aliokuwa nao mteja haurudi kabisa. Nilikijaribu wiki moja, nikakizima kwenye laptopu kubwa. Kwenye ile ndogo yenye RAM ya GB 4 nimekiacha, kwa sababu bila hicho inakwama, lakini nimeweka tovuti tatu tunazozitumia kila siku kwenye orodha ya zile zisizoguswa.

Sasa mabaya, maana yapo.

Siku moja mwanafunzi alileta viambatisho vyake vimeskaniwa, kurasa 140, faili nyingi ndogondogo. Nilimfungulia ukurasa unaounganisha PDF ndani ya kivinjari, nikabonyeza kuanza, nikarudi Word kuendelea na kazi ya mtu mwingine. Baada ya robo saa nikarudi. Namba ilikuwa haijafika hata nusu.

"Mama, umeme umebaki kiasi gani?" aliniuliza, na niliona uso wake. Utetezi ulikuwa kesho yake.

Ukurasa ule ulikuwa unagawa kazi yake vipande vipande kwa kutumia vipima muda, kipande kimoja kila kinapolia. Nilipoufunika kwa Word, kivinjari kiliupunguza kama kinavyopunguza tangazo la mpira. Nilipouacha wazi mbele yangu bila kugusa kitu, ulimaliza katika dakika chache. Tangu siku hiyo tuna kanuni hapa: kazi inayofanyika ndani ya kivinjari, iwe kuunganisha PDF au kupunguza ukubwa wa picha, dirisha lake linabaki upande wa kulia wa skrini, linaonekana, mpaka imalize. Word inakaa kushoto. Hata likionekana nusu, halihesabiwi kuwa limefichwa.

La pili ni kurasa zinazojisasisha zenyewe. Wakati wa kusubiri matokeo fulani, vijana walikuwa wanaacha ukurasa wazi nyuma wakitegemea ujionyeshe upya kila sekunde kumi. Ukifichwa zaidi ya dakika 5, unajisasisha mara moja kwa dakika. Mwanangu, kama unasubiri kitu, kifungue ukitazame. Ndivyo ninavyowaambia.

Na redio. Nilikuwa naweka redio ya intaneti kwenye kichupo kimoja, watu wanasikiliza habari wakati wanasubiri. Ukurasa unaotoa sauti hausinzishwi, na hiyo ina maana matangazo yote yaliyo pembeni mwa ukurasa huo nayo yanaendelea kukimbia. Nimerudisha dukani redio ndogo ya mawe, yaani ya betri. Inasikika vizuri zaidi hata.

Mdogo wangu yeye ni mtu wa Firefox. Kwenye laptopu ndogo aliandika about:config kwenye sehemu ya anwani, akatafuta dom.min_background_timeout_value, akakuta 1000, yaani milisekunde 1000, sekunde moja. Aliipandisha hadi 60000 ili ilingane na dakika ya Chrome. Lakini Firefox haingoji dakika 5. Inaanza mara unapohama kichupo, na ukurasa mmoja wa mazungumzo ukawa unakatika kila tukihamia kingine. Sasa iko 5000 na haijatusumbua. Akitaka kuona nani anakula prosesa, anaandika about:processes.

Kuna kurasa ambazo dawa hii haizifikii. Kazi inayofanywa na kile waandishi wa programu wanachokiita mfanyakazi wa pembeni, sehemu ya ukurasa inayofanya hesabu zake mbali na uso wa ukurasa, haifuati sheria hizi za vipima muda. Nina mteja mmoja, mzee wangu kabisa, anayependa kufungua mchezo wa drafti akingoja fotokopi zake, na mchezo huo unaendelea kuchemsha mashini hata ukifunikwa. Kwa hiyo umeme unapokatika, kabla ya kitu kingine, nabonyeza Shift na Esc, natazama aliye juu ya orodha, kisha naenda kumwinamia: "Papa, ninaweza kuufunga huu? Nitakufungulia tena umeme ukirudi."