Mdoli wa Kiskoti wa pauni 6, kwa jicho la fundi cherehani

Mimi ni mshonaji, mzaliwa wa Tanga, makazi Glasgow. Mdoli wowote nauanzia kwenye nguo, uso utafuata. Huu nimeununua Barras, gulio la Jumamosi na Jumapili upande wa mashariki wa jiji. Mwenye meza alitaka 10, tukakubaliana 6.

Ni msichana wa plastiki ngumu, urefu wake kama sentimita 18, mwenye macho yanayofumba ukimlaza. Hana chapa mgongoni. Kwa plastiki yake na mshono wake namweka miaka ya 1950 au ya 1960 mwanzoni. Amevaa kilti, yaani sketi ya marinda ya Kiskoti, nyekundu yenye mirabaraba iitwayo Royal Stewart, kikoti cheusi cha mahameli, lesi shingoni, kofia yenye unyoya na kitambaa cha begani kilichobanwa kwa bizimu. Mbele ya kilti unaning'inia mkoba wa manyoya meupe. Huo mkoba ni wa wanaume. Wasichana wanaocheza ngoma za Highland, milima ya kaskazini mwa Uskoti, kwenye mashindano hawauvai, ila mtalii wa wakati ule angejuaje? Alitaka Uskoti nzima kwenye mdoli mmoja, akapewa.

Nguo hizi zina historia isiyolingana na udogo wa mdoli. Mwaka 1746, baada ya uasi wa Wajakobiti, waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha enzi, kuvunjwa, Bunge lilipiga marufuku wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa kilti, isipokuwa waliokuwa jeshini. Marufuku ikaondolewa 1782. Kisha 1822 mfalme George wa Nne akazuru Edinburgh, sherehe zikapangwa na mwandishi Walter Scott, na mfalme mwenyewe akavaa kilti. Tangu hapo vazi la watu wa milimani likawa la Waskoti wote, hata wale wa nyanda za chini ambao babu zao walikuwa wakilidharau. Likishakuwa vazi la taifa, haliachi kuwekwa kwenye rafu ya zawadi za wageni.

Sasa mshono. Kilti ya kweli ni bapa mbele, vipande viwili vinalaliana, na marinda yako nyuma tu, yameshonewa chini kutoka kiunoni hadi nyongani. Ya mwanaume mzima inaweza kula yadi 8 za sufu. Ya mdoli huu ina marinda kuzunguka mwili mzima, kama sketi ya mwanafunzi wa sekondari. Hapo namkata alama.

Lakini aliyechagua kitambaa alijua kazi. Tartani, yaani kitambaa cha mirabaraba cha Kiskoti, hufumwa kwa kipimo cha binadamu. Ukikata kipande chake ukamvika mdoli wa sentimita 18, unaona mstari mmoja mnene wa kijani na uwanja wa nyekundu, basi. Nimeona midoli mingi ya namna hiyo, imefunikwa kama meza ya mgahawa. Huu wangu umekatwa kwenye kitambaa chenye mchoro mdogo, hivyo miraba yote inaonekana ndani ya sketi isiyofika urefu wa kidole changu. Na nguo zinavuliwa! Kuna kifungo cha kubonyeza kiunoni, na upindo umeshonwa kwa mkono. Kwenye midoli ya bei ya chini utakuta kilti imepigwa stepla, stepla imeota kutu, na kutu imeingia kwenye kitambaa. Doa hilo halitoki. Nimewahi kulihangaikia kwa limau na chumvi, kitambaa kikachakaa, doa likabaki.

Usidhani pia kwamba mdoli wa Kiskoti lazima uwe umetengenezwa Uskoti. Rosebud, mojawapo ya majina makubwa ya miaka hiyo, ilikuwa na kiwanda Raunds, Northamptonshire, Uingereza. Biashara nyingine zilinunua midoli mitupu kisha zikaivisha zenyewe. Peggy Nisbet, aliyeanza 1953 kwa mdoli wa Malkia Elizabeth akiwa katika mavazi ya kutawazwa, alifanyia kazi Weston-super-Mare, mbali kabisa kusini. Midoli yake ni daraja nyingine: nyuso zimepakwa rangi, macho hayafumbi, na mkononi kuna kikaratasi chenye jina la mhusika, kwa mfano Mary, Malkia wa Waskoti. Kikaratasi kikipotea, bei inashuka. Kwa kuipanga kabatini, Nisbet anashinda. Kwa kuvuliwa, kufuliwa na kuchunguzwa upande wa ndani wa mshono, namchagua msichana wangu asiye na jina.

Kabla hujalipa, nusa. Sitanii. Baadhi ya midoli ya plastiki ngumu ya miaka ya 1940 na 1950 imetengenezwa kwa selulosi asetati, na plastiki hiyo ikianza kuoza hutoa harufu ya siki. Baadaye hutoa jasho linalonata, hupasuka, na chuma cha ndani ya macho huliwa. Mvuke wake unaweza kudhuru midoli mingine iliyofungiwa nayo kabati moja. Mvue kofia, nusa kichwani karibu na macho. Ukipata siki, rudisha mezani hata kama muuzaji anakupunguzia. Ukiona vitobo kwenye sufu, ni nondo. Mdoli hauna shida, ila mfunge kwenye mfuko umweke kwenye friza wiki mbili kabla hajakaribia nguo zako.

Anayetaka kuona kwanza aende Museum of Childhood, Royal Mile, Edinburgh. Kuingia ni bure. Mle kuna mdoli uliotengenezwa kwa soli ya kiatu, ulitoka kwa watoto maskini wa London; niliuangalia muda mrefu kuliko yote yenye hariri, maana sisi tulisuka nywele za magunzi ya mahindi.

Alama zangu: kitambaa 9 kwa 10, marinda 4, uso 6 (shavu moja limepauka), hali ya plastiki 9. Kwa pauni 6 ni halali. Kwa 15 ningedai boksi lake. Kwa 30, kama wanavyotaka baadhi ya wauzaji wa mtandaoni kwa midoli isiyo na chapa, nashona wangu mwenyewe, na marinda yatakuwa nyuma.