Keki ndogo au mkate wa kumimina: kipi cha siku nzito?

Mwaka 2020, korona ilipowafungia watu ndani, unga na hamira viliadimika madukani Uingereza na Marekani. Sikushangaa. Moyo ukiwa mzito, mikono hutafuta kazi.

Keki ndogo za vikombe ni za haraka. Unga, sukari, mayai, maziwa, mafuta; unakoroga kidogo tu, maana ukizidisha zinakuwa ngumu kama raba. Dakika 20 kwenye oveni ya nyuzi 180 zimeshaiva. Jioni uliyorudi kutoka mazikoni huna nguvu ya zaidi ya hapo, na nyumba inanukia vanila kabla hujamaliza kuosha bakuli.

Mkate wa kumimina ni shughuli nyingine kabisa. Mchele unalowekwa tangu usiku, asubuhi unasagwa kwa tui zito la nazi, iliki na hamira, kisha unaachwa uumuke. Huwezi kuuharakisha, na hapo ndipo ninapoupendea. Unafunua, unachungulia mapovu, unafunika tena. Ukija kutahamaki saa nzima imepita hujawaza deni. Halafu sukari, ute wa yai, sufuria iliyopakwa mafuta, makaa machache chini na mengi juu. (Ya juu yakipungua, unabaki mweupe kama mgonjwa.)

Kwa gharama, mchele na nazi vinaweza kukushinda mwisho wa mwezi. Keki zinasamehe, hata ndizi iliyoiva mno inaingia. Ila kukiwa na msiba, keki 12 zinaishia mlangoni. Hapo mimi naloweka mchele.