Fundi umeme wa Ilala aliyeliokoa gari langu

Toyota IST yangu ilikaa miezi minane chini ya mwembe, Tabata, nilipokuwa Mwanza nikimuuguza mama. Niliporudi, nikageuza ufunguo: taa za dashibodi zikapepesa, zikazima. Jirani akanibustia, gari likawaka, lakini honi na taa za mbele kimya kabisa. Fundi wa kwanza, hata boneti hakufungua, akasema altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, imekufa, ninunue nyingine.

Ndipo nikaelekezwa kwa huyu kijana mwenye kibanda Ilala. Yeye alianza kwa kupima. Betri ilisoma volti 10.4, wakati iliyojaa husoma kama 12.6. Injini ikinguruma, ikapanda hadi 14.1, yaani ilikuwa inachajiwa. "Dada, altaneta ni nzima," akasema, akanigeuzia kipimo nione mwenyewe. Kisha akafuata waya kwa tochi mpaka nyuma ya boksi la fyuzi. Panya! Kiota cha matambara na majani ya mwembe, na waya tatu zimegugunwa hadi shaba inang'aa. Akaziunga kwa lehemu, si kusokota na kuzungushia selotepu kama wengi wanavyofanya. Akasugua kwa msasa athi (pale waya hasi wa betri unaposhika bodi la gari) iliyoshika kutu, na ule unga wa kijani kwenye vichwa vya betri.

Betri nilinunua mpya, ya zamani ilikataa kabisa kushika chaji. Ufundi, shilingi 45,000, nikalipa kwa moyo mweupe. Nendeni mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, maana foleni yake ni ndefu.