Kidani cha shanga za karatasi kutoka Kireka: kazi imeshinda lebo yake

Kidani hiki nilikinunua katika soko la kazi za mikono lililo nyuma ya Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, Kampala. Kimetengenezwa na akina mama wa Acholi Quarter, mtaa wa Kireka uliopokea familia nyingi zilizokimbia vita vya waasi wa Lord's Resistance Army kaskazini mwa Uganda; mtaani humo wanawake wengi wamejipatia riziki kwa kuponda kokoto machimboni.

Kazi yenyewe ni safi. Karatasi za kalenda kuukuu hukatwa vipande vyembamba vya pembetatu. Kila kipande huviringishwa kwenye sindano kuanzia upande mpana, ncha hubandikwa kwa gundi, kisha shanga hupakwa vanishi tabaka baada ya tabaka na kuanikwa hadi zikauke na kung'aa. Aliyeviringisha hizi ana mkono mtulivu, kwa kuwa zinalingana unene, hazijaachia kingo, na ukizitazama kwa karibu utaona vipande vya tarakimu za kalenda. Kishikizo cha chuma, kwa bahati mbaya, ni hafifu. Vilevile, usioge nacho.

Bei ilikuwa shilingi 20,000, na muuzaji alinieleza, kabla sijauliza, ni kiasi gani humfikia mtengenezaji. Kwangu, hapo ndipo uanaharakati wa biashara hii ulipo: katika hesabu isiyofichwa, kuliko katika lebo, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza, inasimulia vita na machozi kwa mistari mingi, na haina hata neno moja kuhusu ustadi wala jina la aliyezitengeneza shanga hizi. Mnunuzi anaombwa huruma mahali ambapo angestahili kuombwa bei ya haki. Sanaa Gateja, msanii mzaliwa wa Kisoro anayejulikana kama Mfalme wa Shanga, hupanga shanga za karatasi kama hizi juu ya vitambaa vya magome ya mti wa mutuba, na watazamaji huzungumzia rangi na umbo kwanza. (Bei zake, bila shaka, si za kibandani.)

Ninakipendekeza kidani hiki bila kusita. Mwombe muuzaji abadilishe kishikizo kabla hujalipa, na umuulize jina la fundi. Wangu alilijua, akaliandika kwa kalamu nyuma ya lebo.