Iafoni za Kulalia Ndegeni: Zipi Zinafaa Safari Ndefu Kutoka Mombasa

Msafiri wa Mombasa akienda mbali hulala vipande vipande. Kutoka Uwanja wa Moi hadi Addis Ababa ni mwendo wa saa mbili hivi, kisha kungoja, kisha ndege kubwa ya kwenda Jeddah au Guangzhou. Anayepitia Nairobi kwenda New York moja kwa moja, safari iliyoanza Oktoba 2018, hukaa angani takriban saa 15. Usingizi wa hiyo ndege ya pili ndio unaoamua kama utashuka na nguvu za kufanya umra, za kuzunguka maduka ya jumla, au utashuka macho mekundu na kichwa kizito. Kwa hiyo naomba ununuzi wa iafoni, yaani vipokea sauti vya kuvaa masikioni, uupe uzito wake, maana watu wengi huuacha hadi siku ya kusafiri na kubeba chochote kilicho karibu.

Kosa kubwa sokoni ni kuchagua iafoni ya kulalia kwa kusikiliza muziki dukani. Kwa usingizi, ubora wa sauti ni jambo la tatu. La kwanza ni kama kitu hicho kinatokeza nje ya sikio. Ukiegemeza kichwa dirishani au kwenye mto wa shingo, kila kinachotokeza husukumwa ndani, na baada ya nusu saa maumivu hukuamsha hata kama sauti ni tamu namna gani. Jipime hivi: vaa iafoni, kisha pitisha kiganja juu ya sikio kwa ubapa. Kiganja kikigusa sikio kabla hakijagusa plastiki, hiyo ni ya kulalia. Kikigusa plastiki kwanza, bonyeza kwa uzito kama wa kichwa na usubiri dakika kadhaa. Utajua.

Jambo la pili ni kelele, na hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu ndipo pesa zinapopotea.

Ndani ya ndege kubwa ikiwa angani, kelele huwa karibu desibeli 80 hadi 85. Sehemu kubwa yake ni mngurumo mzito usiokatika, wa injini na wa hewa inayopita ubavuni mwa ndege. Juu yake kuna kelele nyembamba za ghafla: mtoto analia, sahani zinagongana, jirani anazungumza. Iafoni zenye mtambo wa kufuta kelele hunasa mngurumo kwa maikrofoni ndogo, kisha hutoa mawimbi ya sauti yaliyo kinyume chake ili yauzime. Kwa mngurumo mzito kazi hiyo zinaifanya vizuri sana. Kwa kilio cha mtoto haziwezi kitu kikubwa, kwa sababu sauti hiyo ni ya juu na hubadilika haraka. Kinachozuia kilio ni kuziba tundu la sikio barabara, kwa silikoni au sponji. Basi jiulize ni kelele gani hukuamsha wewe. Anayesumbuliwa na mngurumo atafute mtambo. Anayesumbuliwa na watu atafute kizibo kizuri.

Na kabla hujatoa maelfu, jaribu vizibo vya sponji vya duka la dawa. Kwa shilingi mia chache unapata kitu ambacho, kikivaliwa sawasawa, huzuia kelele kuliko iafoni nyingi za bei kubwa. Wengi huviona havifai kwa sababu huvisukuma tu mlangoni mwa sikio. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie mpaka kitanuke. Kama huhitaji kusikiliza chochote ukilala, ununuzi wako umekwisha hapo, na nakuombea usingizi mwema.

Wanaotaka kulala wakisikiliza Qur'ani, mawaidha, taarabu au sauti ya mvua, huu ndio mpangilio wangu.

Ya kwanza: Soundcore Sleep A20

Hii ni iafoni isiyo na waya, iliyotengenezwa na Anker kwa ajili ya kulala tu, ikatoka mwaka 2024. Haina mkia unaoning'inia chini ya sikio. Ni kidude kifupi kinachojificha ndani ya bakuli la sikio, kimevikwa silikoni laini, na kina ukingo mdogo wa kukizuia kisitoke ukigeuka. Kipimo cha kiganja inakipita kwa masikio mengi.

Ninachokipenda zaidi ni betri. Kwa mujibu wa watengenezaji, ukisikiliza simu kwa Bluetooth inafika saa 10. Ukitumia sauti za kulalia zilizohifadhiwa ndani ya iafoni yenyewe, inafika saa 14. Hiyo ni karibu safari nzima ya ndege bila kuamka kutafuta chaji. Haina mtambo wa kufuta kelele: hutegemea kuziba sikio, na kufunika mngurumo uliobaki kwa sauti ya mvua au upepo. Kwa walio wengi inatosha. Muziki wake ni wa kawaida tu, lakini sauti ya msomaji au mzungumzaji hutoka safi.

Bei yake ilipotoka ilikuwa kama dola 150, karibu shilingi 19,500, kabla ya usafirishaji na ushuru. Mwaka 2025 ilifuata A30, nyembamba zaidi na yenye mtambo wa kufuta kelele, kwa dola 230 hivi, lakini betri yake haikai kama ya A20. Kama kawaida yako ni viti vya nyuma ya mbawa, ambako mngurumo ni mkubwa, A30 ina hoja. Wengine wasiongeze hizo dola 80.

Ya pili: iafoni za waya za silikoni laini

Nazitetea kwa moyo wote, kwa sababu wauzaji siku hizi huzidharau. Ni zile ambazo kichwa chote kinachoingia sikioni ni silikoni inayobonyea, hakuna plastiki ngumu hata kidogo. MAXROCK ni mojawapo ya majina yanayojulikana. Kwa dola 15 au 20 unapata kitu kidogo, laini, kisichohitaji chaji, na kisichoweza kudondoka gizani kikaingia ndani ya kiti. (Simu au iafoni ikikuponyoka ikaingia kwenye mitambo ya kiti, usikisogeze kiti, mwite mhudumu. Betri iliyobanwa humo inaweza kushika moto.)

Pia unachomeka moja kwa moja kwenye skrini ya mbele yako. Ndege nyingi zina tundu la kawaida la milimita 3.5, ingawa za zamani zina matundu mawili na hudai kiunganishi. Upande wa simu, nyingi za sasa zimeacha tundu hilo, basi beba kiunganishi cha USB-C. Waya upitishe nyuma ya shingo, ndani ya nguo, usije ukavutwa na mkono wako mwenyewe usingizini.

Ikiwa unasafiri mara moja baada ya miaka kadhaa, geuza mpangilio wangu: hizi ndizo za kwanza kwako.

Ya tatu: utepe wa kichwani

Dada zetu wanaovaa ushungi wanalijua tatizo ambalo miongozo mingi ya kununua haiitaji. Kitambaa kikibana juu ya iafoni, kinaisukuma ndani ya sikio muda wote, hata ukiwa umekaa wima. Saa mbili unavumilia. Saa nane ni adhabu. Utepe laini wenye spika bapa ndani yake unaliondoa jambo hilo kabisa. Unavaliwa chini ya ushungi, hauingii sikioni, na haumlazimishi mtu kujifunua mbele za watu kila iafoni inapoteleza. SleepPhones, ya kampuni ya Marekani AcousticSheep iliyoanzishwa na daktari Wei-Shin Lai, ndiyo inayojulikana zaidi, na kuna za bei nafuu nyingi zinazoiga umbo hilo.

Udhaifu wake ni kwamba hauzuii kelele. Dawa yake ni rahisi: vaa vizibo vya sponji kwanza, utepe juu yake, kisha pandisha sauti kidogo mpaka isikike kupitia sponji. Nawasihi akina mama wanaokwenda umra wajaribu hivi nyumbani usiku mmoja kabla ya safari. Chagua utepe wa kitambaa chembamba. Ule mzito utakufaa kwenye baridi ya ndege, lakini ukirudi kwenye joto letu hutautamani tena.

Ya nne: zenye mtambo mkubwa wa kufuta kelele

AirPods Pro, Bose QuietComfort Ultra Earbuds, Sony WF-1000XM5. Kwa kuzima mngurumo wa injini ziko juu ya nyingine zote nilizotaja. Nimezishusha kwa sababu ya unene na betri: watengenezaji wanataja saa 6 kwa Bose na kwa AirPods Pro za kizazi cha pili, saa 8 kwa Sony na kwa AirPods Pro 3, mtambo ukiwa kazini. Kwenda Dubai zinakutosha. Kwenda New York zitazimika katikati ya usingizi.

Tena, nyingi zinatokeza. Anayelala kichwa kimeegemea nyuma hatalalamika. Anayelala ubavu atalalamika, na mara nyingine maikrofoni ikizibwa na mto huanza kuvuma au kupiga mluzi. Ukiwa nazo tayari, usinunue nyingine. Lala nazo chali, uzirudishe kisanduku chake kupata chaji wakati wa chakula. Za Sony zina faida moja ya ziada: vipira vyake vinavyoingia sikioni ni vya sponji, vinaziba vizuri kuliko silikoni ya kawaida.

Oraimo na nyingine za bei ya kati zenye mkia, zinazopatikana kila mtaa, ziweke kundi hili hili kwa umbo. Kwa aliyekaa wima hazina neno.

Zilizobaki

Ozlo Sleepbuds zilianzishwa na watu waliokuwa Bose, baada ya Bose kuacha kutengeneza Sleepbuds zake mwaka 2023. Ni ndogo na laini mno, lakini kutoa mamia ya dola kwa kitu ambacho ukipoteza upande mmoja huna pa kuupata hapa, siwezi kumshauri mtu. QuietOn ya Finland huzima mngurumo tu, haitoi muziki kabisa. Ni ya mtu anayetaka kimya na ana pesa.

Masikio yako kwanza

Vipira vya saizi tofauti vilivyomo ndani ya boksi si pambo. Sikio la kulia na la kushoto mara nyingi hayalingani, basi usione ajabu kuvaa kidogo upande mmoja na cha kati upande wa pili. Kikubwa mno huumiza, kidogo mno huingiza kelele, nawe ukapandisha sauti bila kujua. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Ukilala na sauti ya juu usiku kucha unazila saa hizo upesi. Weka kipima muda kizime sauti baada ya nusu saa au saa moja.

Pakua unachotaka kusikiliza ukiwa bado nyumbani. Intaneti ya angani haiaminiki.

Ndege inapoanza kushuka, toa kila kinachoziba masikio na uamke. Mkandamizo wa hewa ndani ya ndege hubadilika haraka, na kiwambo cha sikio kinahitaji umeze mate au upige miayo ili mkandamizo ulingane pande zote mbili. Aliyelala humeza mara chache, na kizibo kilichobana huzidisha shida. Mwenye mafua azingatie hili zaidi ya wote.

Na kwa hali yetu ya pwani: usivae iafoni ya kuingia ndani masikio yakiwa na maji, iwe umetoka kuoga au kuogelea Nyali. Unyevu na joto vikifungiwa ndani ya tundu la sikio hukaribisha ukungu na miwasho. Vua vipira, vioshe kwa maji ya sabuni, vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha.

Pa kununua

Maduka ya simu ya Digo Road na Moi Avenue yana iafoni za waya na zenye mkia kwa wingi, lakini zilizotengenezwa kwa ajili ya kulala ni nadra kuzikuta rafuni. Mara nyingi utaagiza mtandaoni au utamtuma ndugu aliye Dubai. Agiza mapema, ili zikifika upate kulala nazo nyumbani siku kadhaa na kujua kama sikio lako limezikubali. Agiza na vipira vya ziada papo hapo, kwani ndivyo vinavyopotea kwanza.

AirPods zinazouzwa kwa elfu mbili au tatu si za Apple, muuzaji aseme atakavyo. Nambari ya bidhaa (serial number) unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya Apple kabla hujalipa. Kwa anayekununulia ng'ambo, mwombe akutumie picha ya nambari hiyo na ya risiti akiwa bado dukani, na aulize kama udhamini unafanya kazi Kenya. Akipakia mizigo ya kurudi, iafoni na pawabenki vikae kwenye mkoba wa mkononi. Pawabenki hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege, na isizidi saa-wati 100, yaani mAh 27,000 hivi.